Marehemu wa Mtongwe

Kiembeni, 3 Machi 2025

Nimewaficha watu wote kwamba sioni. Si upofu wa giza. Katikati ya jicho pameingia doa kama la kidole cha mafuta kwenye kioo, na chochote nikikitazama moja kwa moja kinapotea: uso wa mtu, maandishi, saa ya ukutani. Pembeni bado naona. Natembea bila fimbo, namjua mtu kwa mwendo wake, na ninapozungumza naye naelekeza macho kwenye sikio lake ili nipate angalau nusu ya shavu. Watu hudhani nina dharau. Nimewaacha wadhani hivyo.

Maradhi ya pili hayakufichika. Moyo umechoka. Mwezi uliopita daktari aliniambia, mbele ya binti yangu Linda, kwamba miguu itazidi kuvimba, maji yataingia mapafuni, na ni vizuri nipange mambo yangu. Nilimuuliza kama nitauona mwisho wa masika. Akasema labda.

Ndiyo maana naandika. Natumia kalamu nene ya kuandikia makatoni, na rula nimeilaza chini ya mstari nisipotee. Nitakayoyaandika sitaweza kuyasoma, kwa hiyo sitaweza kuyapamba baadaye.

Jina langu ni Gedion Kaviha, mtu wa Rabai. Nimeandikisha vizazi na vifo Mombasa hii maisha yangu yote ya kazi. Leo Bwana Rashad, mkuu wa kitengo kinachotathmini huduma za serikali mtandaoni, amenipigia simu. Anataka niingie kwenye jopo. Amesema hakuna mtu mwingine anayeyajua majina ya watu wa Pwani kama mimi. Nilipaswa kukataa. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

5 Machi

Kikao cha kwanza, Kisauni. Jopo letu ni wazee wawili na ofisa mmoja. Mzee mwenzangu ni Mansur wa Likoni, aliyekuwa karani wa forodha bandarini. Ofisa ni Lynnette, msichana wa Kikamba aliyezaliwa Changamwe. Ana mkataba wa mwaka mmoja na sauti ya mtu anayehutubia viziwi.

Rashad alitueleza kazi. Serikali imehamisha huduma kutoka kwenye makaratasi hadi kwenye kompyuta, sasa inataka kujua imefika wapi. Tutakaa vituoni Likoni, Changamwe na hapa, tumtazame mwananchi akiomba huduma, tuandike mambo matatu. Alianza mwenyewe? Alimaliza mwenyewe? Alipata alichokijia?

"Na akipata alichokijia lakini kimeoza?" Mansur akauliza.

"Hilo halina kisanduku, Mzee."

"Basi ongezeni kisanduku."

Kazi ya pili ni ya majina. Madaftari ya zamani yalipoingizwa kwenye mfumo, majina mengi yalionekana kujirudia, na miaka ya kuzaliwa haiwezi kuamua peke yake kwa sababu watu wengi wa zamani miaka yao ilikisiwa tu. Utaratibu ni huu: Lynnette anasoma rekodi mbili kwa sauti, mzee anaamua kama ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili au ni watu wawili, Lynnette anabonyeza. Wakiwa mmoja, rekodi zinaunganishwa.

"Kwa nini atusomee?" nikauliza. "Sisi sote tumesoma."

"Ni utaratibu, Mzee. Macho ya watu hayalingani."

Sikupenda jibu hilo.

12 Machi

Likoni. Vijana wanaanza wenyewe na kumaliza wenyewe. Watu wazima hawaanzi kabisa. Wanakwenda saiba, duka la kompyuta lililo ng'ambo ya barabara, wanampa mwenye saiba kitambulisho, naye anajaza kila kitu, na pale mfumo unapotaka nambari ya simu anaandika ya kwake. Mansur alimuuliza mama mmoja nywila yake ni ipi.

"Anaijua yule kijana," akajibu.

"Na siku kijana akihamia Voi?"

"Basi nitahamia Voi."

Kwenye hesabu za mfumo, mama huyo amejihudumia mwenyewe. Lynnette alitaka tumwandike "hapana". Mimi nilisema tumwandike "ndiyo", maana alipata cheti chake. Tulibishana. Ana kiburi cha watu waliosoma juzi.

18 Machi

Changamwe. Umeme ulikatika. Hakuna wa kutathmini.

21 Machi

Miguu imevimba. Linda amenikata chumvi.

27 Machi

Tumepitia majina yaliyojirudia tangu asubuhi. Nimechoka. Mvua haijaanza.

4 Aprili

Imeanza leo alfajiri. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

15 Aprili

Njia ya kuingia Kiembeni imekuwa mto. Gari la ofisi lilishindwa kufika, Lynnette akaja kunichukua kwa miguu, suruali imekunjwa magotini. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akawa ananiambia, "Hapa kuna shimo, Mzee. Hapa kuna tope." Nilimwambia naliona. Akasema sawa, akaendelea kuniambia.

Garini alinieleza kwamba mamake alikuwa akiuza chakula nje ya kiwanda Changamwe, na kwamba mkataba wake ukifika mwisho salama huenda akaajiriwa. Nilimuuliza kwa nini anaongea kwa sauti kubwa vile. Akacheka. "Nyumbani kwetu tulikuwa karibu na mashine za kiwanda. Usipopaza sauti hulishwi."

22 Aprili

Mvua. Kikao kimeahirishwa.

29 Aprili

Tulikuwa Likoni. Maji yalikuwa yameingia mpaka mlangoni na watu wameshika viatu mikononi. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye foleni.

"Nani hapa anashughulika na wafu?"

Karani akamwambia vifo ni dirisha la tatu.

"Nimetoka huko. Wanasema ombi aje nalo mtu wa familia ya marehemu. Sasa marehemu ni mimi."

Foleni nzima ikacheka. Mansur akamwita meza yetu, Lynnette akamvutia kiti.

"Mama, hujambo?" Mansur akamuuliza.

"Sijambo kwa marehemu, baba. Shikamooni."

Anaitwa Kanze Randu Munga, fundi cherehani wa Mtongwe, ana miaka thelathini na sita. Anashona sare za shule. Mwanzoni mwa mwaka alikuta uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari ameuona, ameupima, na amesema ukatwe upesi kabla haujatembea. Siku ya upasuaji ni tarehe saba Mei. Jana alikwenda hospitali kuthibitisha bima ya afya. Aliweka kidole kwenye mashine, na mashine ikasema mwenye jina hilo alifariki mwaka wa elfu mbili na kumi na sita.

"Yule dada wa mapokezi akaniambia pole kwa msiba. Nikamuuliza msiba wa nani? Akanigeuzia skrini nijionee mwenyewe."

"Kwenu kuna mtu mwenye jina kama lako?" Lynnette akamuuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Somo yangu. Shangazi wa baba. Yeye ndiye alikufa mwaka huo, tukamzika Kaloleni."

Sina budi nieleze hapa, maana si kila mtu anajua. Kwetu sisi Wamijikenda, mtoto hupewa jina la mkubwa wa ukoo, na mwana wa kwanza hupewa la babu yake. Randu huzaa Munga, Munga huzaa Randu, Randu huzaa Munga, vizazi na vizazi. Marehemu Kanze alikuwa binti ya Randu mwana wa Munga. Kaka yake aliitwa Munga, akamzaa Randu, na Randu huyo akampa binti yake jina la shangazi. Kwa hiyo bibi na mjukuu ni Kanze Randu Munga wote wawili, bila herufi kuzidi. Mtoto yeyote wa Kimijikenda anajua kwamba hao ni wawili. Kompyuta haijui. Ndiyo maana wakatafuta mzee.

"Hospitali wanasema bila bima nilipe mwenyewe," Kanze akasema. "Mimi nashona kaptura. Hata nikishonea watoto wa Likoni nzima haifiki. Na daktari amesema nisichelewe. Kwa hiyo niambieni, mtu akitaka kufufuka anajaza nini?"

Mansur hakucheka safari hii. Alimwambia tutafuatilia. Lynnette alijaza visanduku vyake. Alianza mwenyewe: ndiyo. Alimaliza mwenyewe: ndiyo. Alipata alichokijia: hapana. Sikuweza kuuona uso wake, lakini nilijua umeelekea kwangu.

30 Aprili

Sikulala.

2 Mei

Nilimuuliza Lynnette nani aliunganisha rekodi za Kanze. Nilimuuliza nikijua.

"Ni sisi, Mzee. Machi ishirini na saba. Mzee Mansur alikuwa ameenda kuswali adhuhuri."

"Umemwambia Rashad?"

"Nilidhani ungependa kumwambia wewe."

6 Mei

Nimemwambia Rashad. Nimemwambia kwamba nimekuwa nikificha macho yangu, kwamba siku ile sikuweza kuona kilichoandikwa kwenye skrini, na ndiyo sababu nilikosea. Ilikuwa vigumu kusema, na nilipomaliza nilihisi mwili umekuwa mwepesi. Rashad akanishika mkono.

"Wazee wachache wangesema hivi. Mungu akulipe." Halafu akauliza, "Na Lynnette hakukusomea? Utaratibu ulikuwa asome."

Nikasema sikumbuki kusomewa.

Jioni nikamweleza Linda habari ya macho. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuacha.

"Baba, nimejua tangu Krismasi. Ulimkumbatia fundi wa bomba ukamwita shemeji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umejipanga vizuri. Nikaona nisikuharibie."

7 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya upasuaji wa Kanze. Haukufanyika. Mvua kubwa.

9 Mei

Linda amenipeleka mahakama ya Shanzu kula kiapo, kwa sababu kitengo hakiwezi kumfufua mtu kwa maneno ya mdomo. Karani mmoja kijana alipiga chapa niliyomwambia, akanisomea, nikatia kidole badala ya sahihi. Kwenye hati mna maneno haya: kwamba sikuweza kuona skrini, na kwamba hakuna aliyenisomea. Kamishna wa viapo aliniuliza kama ninaapa kuwa huo ndio ukweli mtupu. Nilisema naapa. Karani alinisindikiza hadi garini na kuniambia angependa babake awe na moyo kama wangu.

Nilisema "sikumbuki" kwa Rashad. Shanzu nikasema "hakuna". Sijui maneno yalibadilikia wapi njiani. Pale Bamburi tulisimama kununua machungwa tu.

13 Mei

Rashad ametusomea rasimu ya ripoti. Asilimia themanini na nane ya maombi yamekamilika bila karatasi, na muda wa kusubiri umepungua kwa nusu. Mengi ya hayo ni kweli, na nataka niyaandike. Nakumbuka enzi za madaftari, mtu akitoka Kwale na kulala nje ya ofisi yangu kwa ajili ya cheti cha mtoto. Leo kijana anakipata akiwa kitandani. Sikusikitika kuona madaftari yakiondoka.

"Asilimia themanini na nane," Mansur akasema. "Na maiti wangapi wamekamilika?"

Kiti cha Lynnette kilikuwa kitupu. Nilidhani ana homa.

15 Mei

Mansur amekuja nyumbani. Alivuka feri na mvua yote hii akiwa na mwavuli uliokatika mbavu. Alikunywa chai kwanza.

"Lynnette amesimamishwa kazi," akasema. "Kiapo chako kinasema hakusoma. Yeye anasema alisoma. Sasa Rashad afanyeje? Amchukue msichana wa mkataba amwache mzee aliyeapa?"

"Mimi nilisema kuhusu macho yangu."

"Nimesikia. Mji mzima wausifu ukweli wako." Akaweka kikombe chini. "Gedion, mimi nimekaa na yule msichana tangu Machi. Anasoma hata kibao cha choo kwa sauti. Wallahi sijaona siku aliyoruka mstari."

Nikamwambia huenda siku ile aliruka.

"Huenda," akasema. Hakunywa kikombe cha pili. Kwa miezi hii miwili nilimwona Mansur kama mtu wa mzaha. Alipoondoka nilibaki nikijiuliza ni lini alianza kunipima.

19 Mei

Maji mapafuni. Nimelazwa siku kadhaa, nikatolewa. Sasa nalala nimekaa, na mito mitatu mgongoni. Naandika kidogo kidogo.

24 Mei

Nilipiga simu kuuliza kama Kanze amerudishwa hai. Rashad alisema bado.

"Kiapo si mliletewa?"

"Tuliletewa, Mzee, ndicho kilicholeta kazi. Ngoja nikueleze." Akanieleza polepole, kwa heshima. Makosa kwenye mfumo ni ya namna mbili. Kama rekodi zilisomwa na mzee akaamua vibaya, hilo ni kosa la uamuzi. Mzee aliyeamua anasema nilikosea, rekodi inatenganishwa siku hiyohiyo. Lakini kama rekodi hazikusomwa, hilo ni kosa la utaratibu, na uamuzi wote wa siku ile hauaminiki tena. Lazima kila jina lililopita mbele yangu lifunguliwe upya, lichunguzwe kwa zamu, na familia ziitwe. Kanze yumo kwenye foleni hiyo.

"Muwekeni mbele. Yeye ni mgonjwa."

"Wote waliomo wana haraka, Mzee. Kuna mwenye pensheni, kuna mwenye kesi ya shamba. Na mfumo hauruhusu kuruka. Tuliuomba wenyewe usiruhusu, ili watu wasipenyezwe kwa kujuana. Hiyo ni moja ya alama zetu nzuri kwenye ripoti."

"Upasuaji wake umepangwa lini?"

"Wamempa nafasi nyingine, tarehe tano Juni. Hatutakuwa tumefika hata robo."

25 Mei

Mvua. Sikuandika.

28 Mei

Linda amenisomea gazeti. Sikusikiliza.

1 Juni

Kanze amekuja. Nilimsikia akipiga hodi na Linda akimkaribisha. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda. Nilielekeza macho kwenye sikio lake na nikaona kwamba upande mmoja wa kanga ameufunga juu ya bega la kushoto, mkono ameubana ubavuni kama mtu aliyebeba yai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mvua hii?"

"Marehemu haogopi mafua." Kisha akasema, "Nilitaka nimwone mtu aliyeniua. Nilidhani ni kijana wa kompyuta, mwenye miwani, kutoka Nairobi. Naambiwa ni mzee wa Rabai. Nikasema, loo! Mgiriama nimeuawa na Mrabai, na wala hata hatukugombana!"

Linda alicheka akiwa jikoni, kisha akanyamaza, maana Kanze hakuwa anacheka.

"Jirani zangu wananitania," akaendelea. "Nikipita wananiambia, leo umeamkaje huko kwenu? Mtoto wangu mdogo amenigombania shuleni, amempiga mwenzake kwa tofali kwa kusema mamake ni mzuka. Hayo yote sawa, tutayacheka siku moja. Lakini hiki kitu kinakua, Mzee. Kilikuwa kama kunde. Sasa nikilala ubavu nakilalia."

Nikamwambia pole. Nikamwambia ni macho yangu.

"Macho nimeambiwa. Nimesomewa kiapo chako. Mimi sikujia macho." Akasogeza kiti. "Bwana Rashad amenieleza mambo ya foleni mara tatu mpaka nimeyaelewa. Kama ulisomewa, mimi nafufuka kesho. Kama hukusomewa, nangoja. Ndiyo nimekuja kukuuliza. Yule msichana alikusomea au hakukusomea?"

Nikasema mwili wangu hauko sawa, mambo mengi yananitoka.

"Wewe hujasahau jina la mtu tangu nizaliwe. Baba ameniambia ulimwandika yeye, na ulimkuta sokoni baada ya miaka ukamwita kwa majina yote matatu."

Nikamwomba Linda maji.

"Amekuja kwangu, yule Lynnette," akasema. "Alikuja Mtongwe akakaa pale kwenye cherehani yangu. Nikamwambia, nenda ukamwambie yule mzee ukweli mpaka mlango wake uvunjike. Akasema hapana. Akasema mzee anaumwa, na siku ile alikuwa amechoka, nisimsumbue. Ana karibu wiki tatu hana mshahara, na alininunulia maembe." Akasimama. "Mimi si mwema kama yeye. Mimi nimekuja kukusumbua."

Alipofika mlangoni Linda alimpa mwavuli. Nilimsikia akisema hapana, mkono mmoja hauinuki.

2 Juni

Mvua imekatika. Linda ameanika magodoro.

3 Juni

Asubuhi nilimwomba Linda anipigie Rashad. Yuko Nairobi, anawasilisha ripoti, simu imezimwa. Kituoni wakasema kwamba maelezo yoyote kuhusu watumishi sasa hupokelewa mtandaoni tu, na yakifika kabla ya saa kumi hufanyiwa kazi siku hiyohiyo. Nilikuwa mmoja wa waliowapa alama kamili kwa jambo hilo.

Linda akaja na simu yake akaketi pembeni ya kitanda.

"Inataka aina ya lalamiko. Huduma imechelewa. Mtumishi ameomba hongo. Mtumishi ametumia lugha mbaya. Mfumo umekwama. Mengineyo."

"Mengineyo."

"Unamlalamikia nani?"

"Mimi."

"Baba, hapa kunatakiwa jina la mtumishi."

"Gedion Kaviha. Andika."

Akaandika. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, "Sasa sema, nami nitaandika vile utakavyosema." Nilimwambia aniache kwanza niyaandike mwenyewe hapa, kwa kalamu hii, halafu atanisomea naye ayapige kwenye simu neno kwa neno. Kusema ningeweza tena kubadilisha njiani. Ameniambia saa sita imepita. Basi naandika.

Tarehe ishirini na saba Machi, tulipoanza kazi, mama wa chai alileta vikombe. Nilinyosha mkono nikakikosa changu. Lynnette aliushika mkono wangu akauweka kwenye mpini wa kikombe, taratibu, kama mtu anavyomshika mtoto. Mama wa chai aliona. Lynnette hakusema kitu mpaka yule mama alipotoka, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, ni macho?" Nilimwambia afanye kazi yake.

Tangu hapo alisoma kila rekodi taratibu zaidi, na mara mbilimbili. Alifanya hivyo kwa kunisaidia. Kila aliporudia nilihisi anatangaza kwa watu. Adhuhuri Mansur akatoka kwenda kuswali, tukabaki wawili, na jina lililofuata lilikuwa la Kanze.

Alisoma rekodi zote mbili. Alisoma jina, akasoma la baba, akasoma la babu. Alisoma kwamba mmoja alizaliwa mwaka wa arobaini na moja akafa mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Alisoma kwamba mwingine alizaliwa mwaka wa themanini na tisa. Alisoma yote mara mbili kwa ile sauti yake ya Changamwe. Halafu akasema, "Mzee, miaka imeachana sana. Hawa si bibi na mjukuu?"

Alikuwa amejibu sawa. Alikuwa amejibu lile ambalo mimi niliitwa pale kulijibu, naye si mtu wa kwetu, na mkono wangu bado ulikuwa unakumbuka alivyoushika. Nilimwambia nilikuwa nikiandika majina ya Pwani kabla mamake hajazaliwa. Nikamwambia ni mmoja, aendelee. Akauliza, "Una uhakika?" Nikamwambia abonyeze. Akabonyeza.

Macho yangu hayakuhusika. Alinisomea, nilisikia kila neno, na nilijua ni wawili.